Zeruzeru wa Wakoli

Kitale,
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwako Kukhu Gladwell,

Mulembe Kukhu. Natumaini mguu umepungua kuvimba. Barua hii anakuletea Hiram, dereva wa pikapu ya agroveti yetu, maana wiki hii analeta mbegu Sirisia. Ningepiga simu, lakini masikio yako yamekataa simu, na jambo lenyewe si la kupigiwa kelele mpaka jirani ajibu kwa niaba yako.

Jana nilienda kliniki ya ngozi hapa mjini. Unajua miaka yote Baba ndiye aliyekuwa akinichukulia mafuta ya jua. Mwaka huu wamesema kila mwenye kadi ya zeruzeru aje mwenyewe, aonwe na daktari. Basi nikaenda na kofia yangu na kadi yangu, nikaketi kwenye benchi na wenzangu. Tulikuwa zeruzeru tisa, na niliwasalimu wote kwa mkono.

Daktari, mama mmoja mfupi wa upande wa Mlima Elgon, aliniangalia macho kwa tochi, akanikunjia mkono wa blauzi, akanishika nywele. Akaniuliza ni nani aliyenitilia sahihi kadi. Nikamwambia nimekuwa nayo tangu utotoni. Akamwita nesi. Nesi alinitazama mara moja tu, akacheka, akasema, "Daktari, si huyu ni pointi tu, bana."

Kukhu, hilo neno nimelisikia miaka mingi. Vijana wa sokoni huniita pointi, pointi faivu, na kila mara nawarekebisha. Mimi si mtoto wa mzungu, nawaambia, mimi ni zeruzeru, binti ya Wakoli wa Kabuchai. Nimelisema kwa kujivuna, hata nikiwa sekondari nililisimamia mbele ya shule nzima. Jana nikalisema tena, na daktari akaenda kufunga mlango. Akaniambia macho yangu hayatetemeki kama ya zeruzeru, na herufi ndogo kabisa za ukutani nimezisoma bila miwani. Akasema ngozi ya zeruzeru haipati rangi ikikaa juani, na yangu imepata. Mmoja wa wazazi wangu ni mzungu, akasema, na kama hao wawili ninaowajua ni weusi, basi nikaulize nyumbani.

Mama ana miaka sita kaburini. Nakuuliza wewe uliyebaki. Niandikie tu kwamba daktari amekosea, nitalala.

Mjukuu wako,
Nelima Wakoli


Sirisia,
23 Januari 2025

Mjukuu wangu Nelima,

Mulembe. Barua nimeipata na mwandiko umenisikitisha. Miaka thelathini nimefundisha darasa la tatu, na mtoto wa nyumbani kwangu anaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Kuhusu hao madaktari, usijisumbue. Ni watoto wa juzi, wanasoma ngozi za watu kwenye vitabu vya Ulaya. Wewe ulizaliwa mikononi mwangu, katika chumba changu cha nyuma, kwa sababu mama yako uchungu ulimshika akiwa amenitembelea. Mimi ndiye mtu wa kwanza kukuona. Nikasema ulivyo, baba yako akakubali, kanisa likakubali, na ukalelewa vizuri kuliko watoto wengi wa hapa. Ulifunikwa, ulipakwa mafuta, hukuwahi kushika jembe saa sita. Mwenye kupewa hayo yote anataka nini tena?

Weka kadi yako vizuri. Na jambo hili usimfikishie Wakoli. Presha yake unaijua, na mwezi wa nne ana ule mkutano wa wazazi wa zeruzeru kule Bumula. Chama kile ndicho kinachomwamsha asubuhi tangu mama yako afariki, na wewe kusimama mbele ya wale akina mama kila mwaka, wakuone ulivyokua, ndiyo furaha yake iliyobaki. Usimnyang'anye mzee wa watu.

Nitumie dawa ya mchwa. Wamefika mpaka kwenye kabati la vitabu.

Kukhu wako,
Gladwell Nabwile


Kitale,
6 Februari 2025

Kukhu,

Dawa ya mchwa hiyo, Hiram atakuonyesha namna ya kuchanganya.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipoandika kwamba daktari amekosea. Hapapo. Umeandika "nikasema ulivyo." Ulisema nini, na kwa nini ilibidi kusemwa?

Acha nikuambie kitu ambacho sikukuambia, ndipo ujue ninauliza kwa nini. Unamkumbuka Kipyegon, yule mwalimu wa hesabu aliyekuja nyumbani na mfuko wa viazi na akaogopa kuingia. Nilikuambia tuliachana kwa sababu ya dini. Haikuwa dini. Mama yake, Jeruto, aliniita jikoni kwake huko Endebess, akanipa maziwa, akaniuliza kwa upole kabisa kama watoto wangu watakuwa kama mimi. Hakunitukana. Alisema ana wajukuu wawili waliokufa wadogo na hawezi kuzika tena. Nikatoka pale nikamwambia Kipyegon aende zake. Alilia, akasema haogopi. Mimi ndiye niliyeogopa. Nilijiona ninawazaa watoto watakaowindwa kwa ajili ya vidole vyao, na nikaona heri wasizaliwe. Alimwoa Jelimo mwaka juzi. Wana mvulana.

Nilimwacha mtu niliyempenda kwa sababu ya ugonjwa ambao sina. Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kuogelea, sijawahi kwenda shamba mchana, sijawahi kusimama kwenye jua mpaka nikatosheka. Juzi nilivua kofia nje ya duka, nikasimama hapo kama mwizi, nikaanza kutetemeka. Jotham mwenye duka akaniuliza kama nina malaria.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeuficha, na mimi ndiye nisiyezaa.

Nijibu kama mtu mzima, Kukhu. Baba yangu ni nani?

Nelima


Sirisia,
20 Februari 2025

Nelima,

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Umetaka nikujibu kama mtu mzima, haya.

Mama yako Nakhungu alikuwa ameolewa na Wakoli mwaka mmoja na nusu. Wakoli alikuwa kiwandani, kwenye mizani ya miwa, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nakhungu akapata kazi ya kupika katika kambi ya wazungu waliokuwa wakichimba visima upande wa Kitale. Mmoja wao alikuwa anaitwa Pita, au ndivyo wapishi walivyomwita. Sikumwona hata siku moja. Mama yako aliniambia jina hilo mara moja tu, wewe ukiwa hujakatwa hata kitovu, na hakulirudia tena mpaka anakufa. Visima vilikwisha, kambi ikang'olewa, na yule mtu akaondoka bila kujua kama uko. Zaidi ya hapo sijui. Usidhani kuna kitu nimebakiza.

Ulitoka mweupe, na nywele kama ndevu za mahindi. Nakhungu alipiga yowe. Mimi nilikuwa na sekunde chache kabla ya jirani kuingia, na jirani alipoingia nilikuwa nimeshasema: Mungu ametupa zeruzeru. Nililisema kwa sauti ya darasani. Mtoto wa mzungu ana mwenye kulaumiwa, Nelima, lakini zeruzeru huletwa na Mungu, na Mungu hapelekwi kwa wazee kuhojiwa.

Wakoli alikuja siku ya pili. Unajua desturi yetu. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hamshiki mkono, na neno lake halihoji. Alisimama nje ya ua wa michongoma, nami nikabaki ndani nyuma ya pazia. Nikamtuma mama yako mdogo akupeleke nje. Ningekuwa mtu mwingine angeniuliza swali, hata moja. Lakini mimi ni mama mkwe wake, na swali halikuulizika. Alikubeba muda mrefu. Halafu akaomba kitambaa kikubwa zaidi, akasema jua ni kali kwa mtoto wa aina hii.

Ulipoanza kupata rangi, watu walisema ni mafuta, na kanisa likatoa shukrani. Kadi ilitiwa sahihi na daktari mmoja mzee, marehemu sasa, ambaye hakuinua hata kichwa kukutazama. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Uongo ukikaa ndani ya nyumba miaka kumi huanza kupika na kufagia.

Sikuomba msamaha wakati ule na siombi sasa, maana nyumba ya binti yangu ilisimama. Kitanda hakizai haramu. Ulizaliwa kwenye ndoa ya Wakoli na wewe ni wa Wakoli. Hayo ya Kipyegon ndiyo sikuyajua, na yananiuma.

Nakusihi, usimwambie. Ukimwambia utakuwa umemvunja, na hutapata baba mwingine badala yake.

Kukhu


Sirisia,
24 Machi 2025

Nelima,

Umemwambia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napepeta maharagwe. Nikaona kivuli, nikainua macho, Wakoli amesimama ndani ya ua. Nikadhani amepotea njia kwa uzee. Nikajifunika kichwa, nikaingia ndani ili nimpishe kwa heshima, naye akanifuata. Aliingia nyumbani kwangu, Nelima. Miaka ishirini na minane, hajavuka hata lango. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu, na barua yako mkononi.

Akaanza kuongea. Aliongea pengine nusu saa. Shingo ilimsimama mishipa, akapiga meza, akalia, akafuta uso kwa kofia, akaongea tena. Mimi sikusikia neno hata moja. Nilimwonyesha masikio, nikampa daftari na kalamu aandike. Akaisukuma kalamu ikaanguka. Nadhani hakutaka kuandika. Alitaka tu kunisemea usoni, yale yote aliyopaswa kuyasema pale nje ya ua, na sasa mwenye kusemewa hana masikio.

Kisha akanitazama. Aliinuka akaondoka, hakunywa hata maji.

Majirani wamemwona akiingia na kutoka. Wanasema Wakoli amerukwa na akili, au nimemroga. Sikulaumu, lakini sikupongezi pia. Ulikuwa na haki yako na umeichukua. Sasa ibebe.

Kukhu


Kabuchai,
2 Aprili 2025

Nelima,

Umepiga simu mara tisa. Sitaongea jambo hili kwa simu kijiji kizima kikisikiliza. Mimi si mtu wa kuandika, kwa hivyo nitaandika mara moja tu.

Ulipozaliwa watu walicheka. Wanaume nilioenda nao jandoni walisema ati Wakoli ametuletea muzungu. Nilipigana na mmoja sokoni Chwele, pengo la jino langu la mbele ndilo risiti yake. Niliwaambia ni zeruzeru. Hawakuamini kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona zeruzeru karibu. Nikaanza kuwatafuta. Nilichukua baiskeli, kila likizo ya kiwanda, nikazunguka Bumula, Sirisia, mpaka mpakani, nikiuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mtoto kama wangu. Nilitaka watu waone ya kwamba wako wengi. Na nilitaka wewe usikue peke yako. Niliwakuta wamefichwa ndani, wengine wamechomeka na jua mpaka masikio yanatoa maji. Ndivyo chama kilianza. Watu wanasema Wakoli ana roho nzuri. Mimi nilikuwa natafuta ushahidi.

Nilikupeleka shule miaka nane na panga mkononi, kwenda na kurudi. Nilikataa kuoa tena mama yako alipokufa kwa sababu sikujua mwanamke mwingine angekuonaje.

Sasa unaniambia wale waliocheka walikuwa wanasema ukweli. Na mama yako alinitazama nikifunga safari na baiskeli, miaka yote, na hakusema, "Wakoli, pumzika."

Yeye siwezi kumuuliza. Nilienda kwa mama yake nikavunja mwiko, na hiyo pia haikunisaidia.

Wewe sina ugomvi na wewe. Lakini sikiliza vizuri. Tarehe ishirini na sita mwezi huu kuna mkutano wa wazazi Bumula. Utakuja. Utasimama pale unaposimama kila mwaka, na utasema unachosema kila mwaka. Nina miaka sitini na moja, sina nguvu ya kuchekwa mara ya pili. Ukifanya hivyo wewe ni mtoto wangu, na hatutaongea jambo hili tena mpaka mnizike. Usipokuja nitajua umeenda kwa baba yako.

Wakoli


Kitale,
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako Baba,

Mulembe. Nilikuja, uliniona. Nilisimama nikasema ninachosema kila mwaka, kwamba mimi ni zeruzeru, binti ya Wakoli. Uliketi benchi la mbele na koti lako la kijivu, na nilipoanza ulikuwa umeinamisha kichwa. Nilipofika katikati ukakiinua. Baada ya mkutano ulinishika bega na kuniuliza kama nimekula, na Baba, niliona dunia imerudi mahali pake. Nilirudi Kitale nikiwa na furaha ambayo sina haki nayo.

Unakumbuka yule mama kijana aliyeuliza swali, Everlyne, mwenye mtoto wa miezi minane. Aliuliza wake ataanza kupata rangi kama mimi akiwa na umri gani. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo mbele za watu. Nilikutazama, nawe ulikuwa unanitazama. Nikasema miaka mitano. Akauliza nilifanyaje. Nikasema tulizoea jua polepole, la asubuhi, kidogo kidogo. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Yalitoka bila shida. Akina mama wakapiga vigelegele, na wewe ukapiga makofi pamoja nao.

Nimekaa na jibu hilo wiki mbili. Nimelichukia, halafu nimejiambia ni neno dogo, atasahau. Kukhu pia alisema neno moja tu, na sikuwa nimemwelewa kabisa mpaka siku hiyo. Nilidhani uongo mkubwa unataka mtu mbaya. Unataka tu mtu anayempenda mwingine, na swali la ghafla.

Jana niliomba ruhusa kwa Jotham nikaenda Bumula. Everlyne anakaa nyuma ya kinu cha posho. Nilimkuta uani anafua. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, juani, bila kofia, amevaa chupi tu. Mabega yamejaa malengelenge. Sikio moja limepasuka, na inzi wamelikalia. Analia kwa sauti ya mtu aliyechoka kulia. Everlyne alinifurahia sana. Akaniambia, "Tunamzoesha, dada. Ngozi imeanza kubadilika, si unaona?"

Nilimbeba mtoto nikamwingiza kivulini, na hapo ndipo nilipomwambia yote. Nilimwambia mimi si zeruzeru na sijawahi kuwa. Nilimwambia aliyenizaa ni mzungu wa visima, na kwamba mtoto wake hatapata rangi akiwa na miaka mitano wala hamsini, na jua litamuua. Mwanzoni hakuniamini. Akasema mwenyekiti Wakoli hawezi kusimamisha mwongo mbele ya watu. Nikavua kofia nikamwonyesha nywele, nikamwonyesha mkono nilipoukaanga kwa jua mwezi mzima na haukuota hata lengelenge moja. Akatazama mkono wangu, akatazama mtoto.

Akauliza, "Sasa mimi nilikukosea nini ukanidanganya?"

Nikamwambia, "Baba yangu alikuwa ameketi pale mbele. Nilitaka abaki baba yangu."

Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. Akasema, "Na mimi ni mama ya huyu." Akaingia ndani. Nilingoja, hakutoka. Nikamwachia mlangoni mafuta yangu yote, na jina la daktari wa hapa.

Siku ile ukumbini walikuwa akina mama kumi na wanane, na wote walinisikia. Nimepata majina kwa katibu wako. Jumamosi ijayo naenda kwa wawili wa Kabuchai, halafu wale wa Sirisia, mpaka niwamalize. Sitapita nyumbani ukiwa hujaniita. Najua kabla ya mwezi kwisha soko zima la Chwele litakuwa linacheka, na najua ni wewe watakayemcheka, wala si mimi. Nimejaribu kutafuta njia ambayo ingekuacha wewe na mtoto yule nyote salama, nimeikosa.

Watakuja kukuuliza mimi ni wa nani. Mimi kila nyumba nitawaambia ni wa Wakoli. Wewe utawajibu utakavyo.

Nelima